Kibuyu cha Rael na Safari ya Nabalayo

Shambani kwa Wepukhulu,
Karibu na Turbo,
Eldoret.

24 Januari 2008

Mpendwa mwanangu Joseph,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi baba yako mkubwa, Wepukhulu. Habari ya mwili? Habari ya Cynthia na mtoto wenu Amos? Na hiyo baridi ya Minnesota, bado inakata masikio ya watu? Mimi niko na afya ya fahali. Ni goti la kushoto tu linasumbua, na hilo nimeliambia lifuate mguu, nalo linafuata.

Usishangae kuona mwandiko wangu. Niliishia darasa la tatu, lakini mwalimu wetu alisema mkono wangu unaweza kunakili Biblia nzima bila kufuta. Simu nimekataa. Kadi za simu zimeisha madukani tangu mwaka mpya, na tena hii maneno sitaki mjukuu wangu Nabalayo asikie. Sasa hivi yuko uani anapiga nguo pasi ya makaa, na amenipigia kelele kutoka huko, "Kuka, unaandika kitabu?" Nimemwambia naandika orodha ya mbolea. Barua hii ataibeba yeye mwenyewe mpaka posta ya Nairobi na hatajua ina nini. Nitaifunga kwa ugali wa jana, ambao unashika kuliko gundi ya dukani.

Najua redio ya huko imewaambia mambo ya hapa baada ya kura. Usiamini yote, na usikatae yote. Moshi wa upande wa mjini niliuona kwa siku tisa. Wiki hii hakuna moshi, na hiyo ndiyo inanikosesha raha. Kinu cha posho kimefungwa. Kanisani Jumapili tulikuwa watu kumi na mmoja, na mhubiri alihubiri akiangalia mlango. Vijana wanapita mbele ya lango langu mara tatu kwa siku, hawana ng'ombe, hawana jembe. Wanasimama, wanaangalia nyumba, wanaenda. Zamani walikuwa wananisalimia "Mzee" kutoka mbali. Sasa wanahesabu mabati.

Nije kwa Nabalayo. Wewe ndiwe ulimtafutia hicho chuo, kwa hivyo unajua masomo ya uuguzi yanaanza mwezi wa tano. Tangu ile barua ya kukubaliwa ifike, sijanyamaza. Nimetangaza kanisani, nimetangaza sokoni Turbo, nimemwambia hata yule mtu anayehasi ng'ombe. Mjukuu wa nani mwingine hapa ameitwa Amerika kwa akili, si kwa mbio? Picha amepiga, zile za ukuta mweupe nyuma. Kifua amepimwa, ni kisafi. Koti nilimnunulia mwenyewe mitumba ya Eldoret, kubwa, ndani lina manyoya, hata wewe na Cynthia mngeingia pamoja naye. Nilimwambia baridi si kitu, mimi nilikamua ng'ombe Timboroa mwezi wa saba bila viatu. Akacheka, akasema, "Basi wewe Kuka vaa hilo koti, mimi niende bila viatu."

Sasa siku ya kuhojiwa ubalozini Nairobi ni Jumanne ijayo, tarehe 29. Wanataka pasipoti, cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne chenyewe, si kivuli chake. Akikosa siku hiyo, hajui atapewa nyingine lini, na chuo hakingojei.

Hapo ndipo palikuwa na taabu, na taabu hiyo niliitengeneza mimi.

Unakumbuka mwaka wa tisini na mbili nyumba yetu ilichomwa na karatasi zote zikaenda, hata vyeti vya marehemu mama yake Nabalayo. Alikufa akiwa mfagiaji na kichwani alikuwa na elimu ya mwalimu, kwa kukosa karatasi ya kuonyesha. Tuliporudi, mimi na jirani yangu Kipngetich, wa ng'ambo ya kijito, tulipatana. Karatasi zangu zikae kwake, zake zikae kwangu. Yeye ni wa huku, mimi nimetoka Bungoma. Tulisema hakuna moto utachoma nyumba ya mtu wa huku na nyumba ya mtu wa kuja siku moja. Huo mpango niliutunga mimi, na umeshika miaka kumi na tano. Kila Krismasi tunakaguliana masanduku, tunakunywa chai, kila mtu anaenda kwake.

Krismasi hii hatukukagua. Tulikuwa tumeanza kuchokozana kuhusu kura, na siku ya kupiga yenyewe, kwenye foleni, nilisema kwa sauti kubwa nampigia nani. Sauti yangu unaijua. Halafu nikamwambia Kipngetich mbele ya watu kwamba yeye anapiga kura kama kondoo anayeingia dawa ya kupe. Foleni nzima ilicheka. Yeye hakucheka. Hatujaongea tena.

Matata yalipoanza Nabalayo aliniomba niende nikachukue vyeti. Nikakataa. Nilisema Wepukhulu hapigi magoti kwa mtu ambaye hajui mzaha. Wiki tatu, Joseph. Mtoto akaniomba akiwa amekaa, akaniomba akiwa amesimama, mwisho akaniuliza, "Kuka, hiyo kiburi yako ndiyo itanigongea viza?" Jumatatu alijifunga leso aende mwenyewe, nikamshika langoni, kwa sababu vijana wameweka gogo kwenye daraja la kijito na wanauliza watu vitambulisho.

Kumbe alishapeleka habari kwa njia ya akina mama, kule kisimani.

Jana saa sita mchana, jua limesimama, nikamwona Rael, mke wa Kipngetich, anakuja peke yake na kibuyu cha maziwa ya kugandisha mgongoni, kile kikubwa cha mdomo mpana. Alipita kati ya wale vijana. Mmoja alimuuliza anapeleka wapi. Nilimsikia kutoka hapa akimjibu, "Napelekea mgonjwa mursik. Unataka kuonja? Leta kikombe, au unywe na hiyo panga?" Wakamwachia njia.

Ndani ya kibuyu hakukuwa na maziwa. Kulikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani yake karatasi zangu zote zimekunjwa: vyeti vya Nabalayo, pasipoti imejipinda kama jani la tumbaku, na hati ya shamba. Zinanuka moshi na maziwa. Wakiuliza huko chuoni mbona cheti kinanuka, sema ndiyo harufu ya kwetu.

Rael alikataa kukaa. Aliniangalia akasema, "Mzee, mdomo yako imekuwa kubwa kuliko shamba yako." Nikamwambia anisalimie kondoo wake. Hakucheka, na alilia kidogo. Halafu akamtuma Nabalayo jikoni alete maji, na alipoenda, akaniambia maneno haya kwa haraka: "Wale vijana wamegawana nyumba za kuchoma. Yako ni ya Jumamosi. Msichana hawamtaki, wanakutaka wewe, kwa ile maneno ya foleni. Mzee wangu ameongea nao mpaka wakamwambia akiongea tena wataanza na yeye."

Nikamuuliza kama Kipngetich ndiye amemtuma. Akasema, "Nani mwingine? Yeye ndiye alikunja hizo karatasi. Mimi siwezi kukunja hivyo."

Leo saa nane mchana Kiplimo, mtoto wa dada ya Kipngetich, anapita na lori la mahindi. Nabalayo atakaa mbele, amevaa leso ya Rael, na Kinandi, lugha ya huku, anakiongea kuliko wenyewe. Mjini kuna mabasi yanayotoka na polisi mbele na nyuma mpaka Nakuru, na kutoka hapo atafika Nairobi kwa binamu yako Lusweti.

Utauliza kwa nini mimi siingii hilo lori. Nabalayo pia aliuliza. Nimemwambia siwezi kuacha ng'ombe, nimemwambia nitamfuata uwanja wa ndege na kuku wa kukaanga. Wewe nakwambia kweli. Uso wangu unajulikana kutoka hapa mpaka Webuye, na hii nilikuwa najisifia. Nikiwa ndani ya lori, lori halipiti. Nikijificha chini ya magunia na wakinipata, watauliza huyu msichana wa mbele ni nani. Na wakipita hapa wasiponiona langoni, watajua kuna mtu anasafiri, na Kiplimo hatafika hata barabara kubwa. Kwa hivyo leo nitakaa kwa kiti langoni, na redio, mpaka jioni. Wanihesabu vizuri. Kesho pia nitakaa.

Ya Jumamosi niachie mimi na Mungu. Rael anasema kuna njia ya kijitoni. Goti langu linasema haiko. Tutaona nani mkaidi.

Sasa ombi langu, na sijawahi kukuomba kitu tangu nikubebe mabegani kwenda kubatizwa. Akifika kwako, habari yoyote ikija, nzuri au mbaya, asipande ndege kurudi. Atalia, atakuita mtu bila moyo, mwache aite. Hata wakisema kuna mazishi. Aje siku ana cheti ambacho hakuna mtu atachoma.

Kibuyu nimekiosha mimi mwenyewe. Mama yangu alitufundisha chombo cha jirani hakirudi kitupu, kwa hivyo nimekunja karatasi zote za Kipngetich alizoniwekea, nikakunja na hati yangu ya shamba, nikazitia ndani, nikaziba kwa majani. Kiplimo atakipeleka kwa Rael. Huku kwangu hakuna kitu tena cha kuchoma, ni mabati tu. Nchi ikitulia, mwambie Nabalayo aende kwa Rael aulize kibuyu. Asiulize kitu kingine, atapewa.

Na umwambie Kipngetich, ukimpata kwa simu, kwamba ile ya kondoo ilikuwa mzaha. Mimi bado sijaweza.

Nisalimie Cynthia, mwambie koti lina mfuko wa ndani, nimeweka humo mbegu za sukuma wiki. Nisalimie Amos, mwambie babu yake ana meno yote. Nisalimie na wote wa kwetu walio huko. Mungu awafunike, na aifunike barabara ya leo kuanzia saa nane.

Pasi imenyamaza. Anakuja. Naifunga.

Mimi wako akupendaye, niliye langoni,

Mzee Wepukhulu