Saa Tisa, Animasio ya Bamama

Lundi 4 août

Mashini ya kuandika tangu asubuhi. Karboni imenichafua mikono yote. Niko napiga programu ya vakanse ya Idjwi, juu ya Citoyen moja, mukubwa wa serikali ya Kinshasa, na bibi yake. Jeudi batavuka ziwa na bato mupaka ku kisiwa. "Bintu ya kuona na ya kufanya ku kisanga": kutembea mu pori na kuona makako. Kuvuna mananasi na mikono yako mwenyewe. Kupiga kasia mu mutumbwi. Kuoga mu ziwa.

Mimi ni mutoto wa Idjwi. Mananasi nilivuna. Kasia nilipiga. Nilioga mu ziwa sababu nyumbani hakukuwa bafu. Hakuna siku mutu aliniambia ile ni vakanse.

Tulizika Papa wiki iliyopita. Niliomba konje, ruhusa ya kuacha kazi, nikae mu kilio na Mama mupaka siku ya kunyoa nywele, kilio inapoisha. Direkteri wa biro yetu alisema: "Nabintu, unalalamika nini? Si utaenda Idjwi na bageni? Utaona familia palepale." Akacheka. Alifikiri amenipa zawadi! Hasira ilinipanda mupaka nikaharibu ukurasa muzima.

Mardi 5 août

Direkteri ameongeza mustari mu programu. "Saa tisa, ku plage: animasio ya bamama." Yaani kuimba na kucheza kando ya ziwa mbele ya bakubwa, ngoma, kuvaa kikwembe ya sikukuu, meno inje. Tunaijua wote. Ata sisi ba biro tulichezaka inje, mu cour ya biro.

Lakini bamama ya wapi? Ya kijiji ya kwetu. Na mwenye kubaongoza mu nyimbo ni nani? Mama yangu. Mujane wa juzi.

Nilisimama. Nilimuelezea na heshima: kwetu mu kilio hatulime, hatupige ngoma, hatucheze, mupaka nywele inyolewe. Kijiji kizima. Direkteri ni mutu wa Nyangezi, hapa karibu tu, haiko mutoto, bintu ya kilio anajua vizuri kuliko mimi. Alinijibu: "Batu ya Kinshasa batajua nini? Baimbe tu. Wimbo ni wimbo." Kisha akanituma kahawa.

Nilimuletea. Bila sukari.

Mercredi 6 août

Habari kutoka Idjwi, imeletwa na mutu wa bato. Kapita, mukubwa wa kijiji, amepita nyumba kwa nyumba: mama mwenye kukosa ku plage atalala mu kasho, jela. Ata mwenye kilio. Mama yangu amejibu neno moja: "Tutakuja."

Sielewi. Mama hajakubali upesi hivyo maisha yake yote. Ao kifo cha Papa kimemuvunja? Naogopa juu yake.

Jeudi 7 août

Tumevuka. Ziwa tulivu, mimi hapana. Bageni banalala mu ile nyumba ya zamani ya muzungu wa kahawa. Citoyen iko na aparei ya foto shingoni, anapiga kila kitu: mbuzi, mugomba, mugongo ya watu. Bibi yake iko na lunete nyeusi kubwa mu macho na sandale nyeupe. Sandale nyeupe mu pori! Aliuliza mara ngapi sijui: barafu iko wapi? Kiti iko wapi? Makako iko wapi? Makako ilikataa kutoka. Iko na akili.

Ule bibi simupendi kabisa.

Nyumba ya Papa inaonekana toka pale barza. Moshi ya jiko ya Mama niliiona. Direkteri alikataa nishuke kwetu. "Kwanza kazi."

Vendredi 8 août

Niandike yote leo leo.

Saa tisa. Biti imepangwa ku plage, bageni bameikaa mbele, Direkteri ananyoosha kola ya abacost, ile koti ya bakubwa. Bamama bakashuka. Bila ngoma. Bila kikwembe ya sikukuu. Nywele haijachanwa, kamba ya mugomba kavu kichwani, miguu mitupu. Mama yangu mbele. Nikaelewa ile "tutakuja".

Bakaimba wimbo ya kilio. Ile tuliimba njia nzima nyuma ya sanduku ya Papa. Mama aliita jina yake, bengine bakaitika.

Na bageni? Makofi! Citoyen alipiga foto, akakaribia mupaka karibu ya uso wa Mama, machozi ikitiririka, kla, kla. Akasema: "Encore!" Na Mama akaanza tena. Hakumuangalia ata kidogo.

Kisha ule bibi akanigeukia: "Banasema nini?" Direkteri alikimbia kujibu mbele yangu: banasema karibu, banafurahia bageni. Akanikazia macho. Kazi yangu ilikuwa mu yale macho, nilijua. Nikasema: "Hapana. Banamulilia papa yangu. Ule mwenye kuimbisha ni mama yangu. Tuko mu kilio na mulibaleta kwa nguvu."

Bibi alitoa lunete. "Oyo matanga?" Ku luga yake: hii ni kilio? Nilijibu ndiyo. Alivua sandale, akatoka ku kiti, akaenda kuikaa chini mu muchanga kando ya Mama, miguu imenyooshwa, namna banaikalaka kwa mufiwa. Akashika mukono yake. Hakujua Kihavu, luga yetu, ata neno. Akalia naye.

Bwana yake alibaki na aparei yake mukononi. Hakupiga ingine.

Mimi pia niliikaa chini. Direkteri aliniambia mbele ya batu yote: lundi usikanyage ku biro. Sawa! Nimekasirika bado. Nimekasirikia yeye, na kapita, na ile "encore". Nimejikasirikia juu ya ule bibi wa Citoyen pia. Nilimuchukia bule.

Samedi 9 août

Bato imeenda bila mimi. Bibi wa Kinshasa alipanda miguu mitupu. Sandale yake ilibaki ku plage, Mama ameziosha na kuziweka ku mulango. Anasema mwenyewe atakuja kuzichukua siku ingine, kama mugeni wa nyumba.

Kapita alipita. Hakusalimia.

Dimanche 10 août

Tumenyoa. Mama kwanza, kisha mimi. Alitumia wembe ya Papa, alijikata kidole kidogo, akainyonya, akaendelea. Nywele yetu ilianguka mahali pamoja mu majani ya mugomba, tukaifunga.

Kichwa iko baridi. Upepo ya ziwa inaipata yote.

Mama amenoa jembe mbili. Kesho tunalima.