Njiwa wa Kandambili

Singe, Babati

Baba Brayan mpenzi,

Usininunie kwa kuchelewa kukuandikia. Blessing anaota meno, na kadi za Krismasi ninazotengeneza kuuza zimenielemea. Muhuri wa njiwa nimeuchonga kwenye soli ya kandambili yako kuukuu. Jirani yetu Mama Otilia akacheka: "Njiwa gani huyu, mbona kama kanga?" Halafu akachukua kadi sita! Brayan anapaka rangi mabawa, inamwagika nje ya mstari, na wateja wanazipenda hivyo hivyo.

Kaka yako alikuja kutuhamishia Sigino kwa mama yenu. Nilimpikia, akala, nikamwambia sihami, kazi yangu iko hapa mjini. Ameahidi kurudi na gari.

Kutoka huko Mererani nitumie manila nyeupe, wino mwekundu, mkasi mdogo wenye ncha, na barua kwa kaka yako, kwa mwandiko wako, kwamba tunabaki Singe.

Mama Brayan