Mrija wa Kaka Melkiori

Kaka Melkiori,

Sisi wazima, ni baridi tu. Mpwa wako Olive sasa ni daktari wa meno hapa Stockholm. Waswidi wazima wanapanga foleni wamfumbulie midomo mtoto wangu! Na amepata mchumba, Filip, Mrundi mwenzetu wa mtaa wa Rissne hapa hapa, kijana mwenye adabu.

Ila babu yake Filip alinyongwa kwa kesi ya kuuawa kwa mwana wa mfalme, yule aliyeipigania Burundi uhuru. Nakumbuka Baba alituapisha tusinywe chungu kimoja na ukoo ule. Nilipomwambia Olive, alinijibu, "Mama, siku ile baba yake Filip alikuwa bado tumboni."

Jumamosi walikuja kuposa. Nikapika pombe ya mtama, tukakizunguka chungu, kila mtu na mrija wake. Bibi yake Filip akashika mrija, asinywe, akaniuliza,

"Mwanangu, unajua mimi mjane wa nani?"

"Najua, mama. Kunywa," nikamjibu.

Akalia, akanywa. Nami nikanywa.

Kiapo nimekivunja mimi, kaka. Unikaripie mimi, si mtoto. Harusi ni Juni. Baba yake Olive hayupo, wewe ndiye wa kumtoa. Mrija wako nimeuweka kabatini, bado mkavu.

Dada yako anayekungoja,
Mama Olive