Sisimizi Waliochora Sakafuni

Nyumba ya kona, ghorofa ya chini
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi chako kimeshakuaga. Sisi hatujambo. Goti langu bado linatabiri mvua, na bado linakosea.

Video zako zinafika. Ile baiskeli inayofua nguo ilituchekesha mpaka shemeji yako akapaliwa na chai. Yale maporomoko yanayopanda badala ya kushuka niliyatazama mara nne. Si uchawi, ni upepo mkali unaopiga ukuta wa mwamba na kuyarudisha maji juu kabla hayajafika chini. Nilipomaliza kueleza, shemeji yako alisema, "Mwalimu, ungeyaacha yapande tu." Tangu hapo nayaota: nimesimama ukingoni, na mvua inatoka miguuni pangu kwenda mawinguni.

Sasa nikupe habari yenyewe. Unajua mikono ya shemeji yako ilianza kutetemeka mwaka jana. Miaka thelathini na minane ya ufundi wa makochi, na leo hawezi kupigilia msumari bila kujigonga kidole. Mwezi uliopita alilifunga sanduku lake la vifaa, akamwahidi jirani yetu seremala kwamba atakuja kulichukua Jumamosi, yaani jana. Hakulalamika. Alikaa tu sebuleni, viganja chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa vitu vya watu. Heri angelalamika.

Ndipo ikaja video yako ya yule mchoraji anayening'iniza kopo la rangi darini na kulisukuma. Nilimweleza kwamba kitu kinachoning'inia, ukishakiachia, hufuata njia yake chenyewe. Kila mzunguko hupungua kidogo, kwa hiyo mistari huzidi kujikunja kuelekea katikati.

"Na mkono wa mtu?" akaniuliza.

Nikamwambia mkono ukishaachia, kazi yake imekwisha. Akairudia video ile mpaka chai ikapoa.

Juzi nilirudi kutoka sokoni nikakuta kopo limening'inia katika chumba chake cha kazi, limetobolewa chini. Nilimwambia atie chumvi badala ya rangi. Chumvi ilikuwa na unyevu, ikaziba tundu. Yeye akatia sukari yangu, wala hakunitaarifu. Akalisukuma kopo kwa mkono ule ule unaotetemeka, akaachia. Likatikisika mara moja, kisha likatulia katika mwendo wake, likimwaga uzi mweupe juu ya sakafu nyekundu, duara ndani ya duara, pasipo mstari hata mmoja uliopinda vibaya. Tulisimama mlangoni tukitazama. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kufagia.

Jana asubuhi akaniita. "Mwalimu! Njoo ueleze na hili."

Sisimizi walikuwa wamejipanga juu ya kila mstari. Picha nzima imegeuka nyeusi, na inatembea! Maduara yote yalizunguka polepole, kama vile kopo lilikuwa bado linabembea. Nilivuta kigoda, nikakaa kutazama.

Seremala alipobisha hodi, shemeji yako alimkimbilia mlangoni. "Ishia hapo hapo, usije ukanikanyagia mafundi wangu!"

"Mafundi gani tena, mzee? Si nimefuata sanduku?"

"Sanduku halitoki. Nina kazi."

Jirani wa watu akanywa chai, akaenda zake mikono mitupu.

Video ya sisimizi nimekutumia kwenye simu. Ameipiga mwenyewe, kwa hiyo ikitikisika usidhani kwetu kumepita tetemeko la ardhi. Nilitaka kuipiga upya, simu nikiiegemeza kwenye kiti, akakataa. Alisema iende hivyo hivyo, utajua ni yake.

Nisalimie wifi yangu, mapacha, na Shangazi Miwani. Mwambie miwani yake ya akiba iko kwangu. Mungu awashike mkono nyote, na awajalie macho yasiyochoka kushangaa.

Ndimi wako akupendaye, tangu ulipokuwa mgongoni mwangu,
Dada Mkubwa

Tena: shemeji yako ameniuliza kama asali inaweza kupita kwenye tundu la msumari. Nimeificha.