Kiwanja Bila Mbabula

Likasi

Mama mupenzi,

Jambo sana. Magoti yako yanaendelea namna gani na hii baridi? Baba angali anakataa dawa yake, ao ameanza kusikia? Huku bwana yangu, Chantal na batoto bengine banakusalimia. Minye niko muzima wa mwili tu.

Mama, ile habari ya Ilunga uliyosikia kwa simu ni kweli, lakini bwana yangu alikuficha nusu. Mudogo yangu iko mu hospitali hapa Likasi, na ni minye nilimuleta.

Huu ugonjwa wa kifua uliporudi na nguvu, kila muntu alikuwa na habari yake. Radio ilisema vitanda viko, bantu basiogope. Jirani yetu, mama infirmière anayetunza bagonjwa palepale hospitali, alisema bagonjwa banalala mu koridoo. Benzetu ba maombi nao bakasema ni uongo mutupu, hospitali iko tupu, bakubwa banatafuta kula feza tu. Minye, unanijua na kichwa yangu ngumu, nikasema nitaenda kujionea.

Unajua kwetu mugonjwa akilazwa, familia yote inamufuata: mikeka chini, mbabula za makala zinawaka, bukari inasongwa, nguo zinaanikwa ku ukuta. Ukitaka kujua bagonjwa ni bengi, unaangalia moshi. Ile siku nilisimama ku mulango, kiwanja kimefagiliwa, hakuna mbabula hata moja. Nikacheka peke yangu. Nikasema, huyu jirani anapenda kutisha bantu.

Siku ileile Ilunga alikuwa anakohoa vibaya kule Kambove. Benzake ba ku shimo ya madini bakamupandisha mu gari ya kwenda Lubumbashi, balikuwa na muganga banamujua kule. Nikamupigia simu. "Shuka hapa Likasi, nitakupikia. Hospitali iko na fasi, nimeona." Akanisikia, akashuka, gari ikaendelea.

Kumbe familia zilikuwa zimefukuzwa ili zisiambukizwe. Ndani kulikuwa kumejaa mpaka ku mulango. Ilunga bakamukalisha ku kiti, oksijeni anapokezana na muzee mumoja. Minye bakanirudisha inje. Nikamuuliza jirani yetu kwa nini hakunikataza.

"Nilikuambia, Mama Chantal," akasema. "Ukaenda kuuliza kiwanja."

Hakusema kwa ukali. Afazali angenitukana.

Nina haya, Mama. Kila siku ninamuachia mulinzi bukari na samaki, anasema Ilunga anakula na anachekesha benzake. Jirani anasema jana pumuzi ilipungua sana. Weye unauliza kama anapona. Sijamuona, na kitu sikuona ndani sitakuambia tena. Usipande gari bado, hautapita pale ku mulango. Tusalie tu.

Unisalimie Baba, na shangazi aliyetulea, umuambie kikwembe alinitumia nijifunge ilifika. Muke ya Ilunga umuambie bwana yake anatunzwa muzuri, alikuja hapa sababu hospitali ni ya karibu.

Hapana, Mama. Usimuambie vile. Umupatie hii barua aisome yeye mwenyewe mpaka chini, aone jina ya muntu aliyemushusha bwana yake mu gari.

Mutoto yako,
Espérance