Mi, Gouverneur wa Majiwe

Kazi moya, 9 mars 2026

Nimepata cheo! Prof Tshimanga amesema: Mushiya, we njo gouverneur wa banque centrale. Banafunzi bote ba promotion bakacheka. Sadrack, mwenye kukaa nyuma yangu, akasimama akaniinamia sawa mukubwa wa serikali. Mujinga ule.

Njo vile. Prof alitoka Kinshasa mwezi jana, na eko na mawazo yake. Anasema politique macroéconomique haisomwe ku ubao, inaishiwa. Basi juma hii auditoire yetu, chumba cha masomo, ni inchi. Franga yetu ni majiwe madogo ya malachite, ya rangi ya majani, yenye kusuguliwa mpaka inangaa. Alibeba mu sachet. Kila mutu kumi. Alichagua malachite, anasema, juu ni kitu chenye kukosekana. Kukosekana! Huku Kolwezi, muji wa madini! Tuliangaliana. Ni mugeni, tukamuacha.

Kiti cha karibu na ventilateur, kwenye kuko upepo, kinauzwa majiwe mbili. Kazi yangu: kazi tano, saa ya kufunga, bei isipite tatu. Ikipita, nimeanguka cours. Na macro nilishaianguka mwaka jana. Tata alisema nikirudilia tena mwaka, ninaenda Sandoa kulima mihogo na shangazi Mbelu. Shangazi ninamupenda. Mihogo, hapana.

Kazi mbili, 10 mars

Inchi imetulia. Kiti: mbili. Nimetembea kati ya bameza, mikono nyuma.

Jémima, ministre wa finances, aliomba niongeze majiwe mu inchi juu ya fête yake ya anniversaire. Nikakatala. Akanuna mpaka saa ya kutoka. Banque centrale haisikilize fête, iko mu syllabus.

Kazi tatu, 11 mars

Mechack! Ule mutoto wa promotion yetu ataniua.

Anakaa kule kwenye bantu banachimba mpaka chini ya kitanda. Asubui aliingia na mufuko wa unga ku bega. Si unga. Malachite! Akanunua viti mbili za ventilateur, kimoja cha matako, kimoja cha viatu. Saa ya pause bantu bakakimbia kwao. Naomie akarudi na ndoo — ya kuogea! Mangaribi kiti kilifika majiwe makumi tatu, na benye kuuza banataka sasa bapimie na ndoo.

Prof akauliza tunatoa wapi. Sadrack akasimama, na adabu yote: Prof, inatoka chini.

Mi nilifikiri atakasirika. Hapana, alicheka mpaka machozi, akaandika ku ubao: INFLATION. Sheria haibadilike, anasema, gouverneur ajipange. Yeye anacheka, mi ninanusa mihogo.

Kazi ine, 12 mars

Nimejipanga. Asubui nilitangaza: jiwe lenye halikusuguliwa si franga. Ya Prof inangaa, ya Mechack iko na udongo. Kwisha! Mbele ya midi kiti kilirudia mbili. Mechack akalalamika kama ninaua kazi ya bacreuseur, bachimbaji ba mikono. Nikamuambia apeleke mufuko ku comptoir ya kuuzisha madini, kule banapima bizuri.

Nilirudi nyumba ninaimba.

Mu parcelle, inje ya nyumba, nikamukuta mukubwa wangu, yaya Ntambwe, na meule ya jirani ya kusugulia, vumbi ya rangi ya majani mpaka ku kope. Yaya anachimbaka ku mine ya Mashamba. Njo mwenye kulipa masomo yangu. Anasugua malachite. Nikamuuliza ni ya nani. Ya batoto ba université, anasema, balileta commande ya majiwe ya kusugua, banalipa franga ya kweli, mwenye kubatuma ni mama mumoja anaitwa Jémima.

Jémima! Ministre wangu mwenyewe!

Nikafungua kinywa nimukemee. Yaya akasema, polepole tu: mudogo wangu, leo sikushuka mu shimo. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, anaimba, mi sikumusikia anaimba tangu udongo ulimuangukia Gloire mu shimo, rafiki ya yaya. Kisha yaya akauliza kama hii kazi itadumu.

Nikasema sijui. Mi, gouverneur!

Kazi tano, 13 mars

Ninaandika mu auditoire, kitabu ku magoti.

Jémima ameingia na sachet mbili. Inangaa kupita ya Prof, yaya eko na mikono. Kiti kimeshafika tano. Prof amesimama na chaki: gouverneur, haya majiwe ni franga ao ni ya bongo, ya kudanganya?

Nikisema ya bongo, nimepita cours, na kazi moya yaya anarudia mu shimo. Nikisema ni franga, Sandoa.

Ku dirisha ninamuona yaya ku mulango wa portail, amevaa chemise ya kanisa, anangojea commande ingine. Amenipungia mukono.

Prof ameita jina langu mara ya pili. Nimemujibu: Prof, dakika moja, ninapiga hesabu.

Sipige hesabu yoyote.