Mapazia Yasiyofanana

Kavira mdogo wangu,

Sisi wa Butembo tunakusalimu. Mama amepona malaria, na Papa anafundisha tena. Msalimie Bibi huko Alimbongo.

Unauliza kwa nini dirisha letu la sebule lina pazia la maua upande mmoja na la mistari upande wa pili. Ulikuwa bado unabebwa mgongoni tulipokimbia vita kule Beni. Papa alibaki nyuma kutafuta wanafunzi wake, na simu yake ikaacha kuita. Alijua tu jina la mtaa tulikokwenda, nyumba hakuijua.

Mama alikuwa amefungia nguo zetu ndani ya pazia la maua la nyumba yetu ya Beni. Akalitundika kwenye dirisha la barabarani, kando ya lile la mistari la mwenye nyumba. Majirani walicheka, nami niliona haya.

“Mama, hazifanane!”

“Bacheke. Papa yenu hajue hii nyumba, mais ile maua anaijua.”

Siku nne niliketi chini ya dirisha na kitabu nisichokisoma. Nyayo zikipita, niliinua kichwa kusikiliza. Siku ya tano nyayo zikasimama. Niliogopa kuchungulia, nikidhani tumefuatwa.

“Mama Masika, ni wewe?” sauti ikauliza polepole.

Mimi ndiye niliyefungua mlango, Papa akaingia.

Wageni bado wanatushauri tununue mapazia yanayofanana. Siku hizi sioni haya. Lakini Mama anapoyafua haya yetu na dirisha likabaki tupu, naogopa mpaka yakauke.

Dada yako,
Masika